Turbo ya Mdogo Wangu na Mlima wa Wakwe

Mdogo wangu aliingia saluni kwangu, mtaa wa Nyawera, akiwa amekumbatia boksi kifuani kama mtu aliyetumwa keki ya komunyo.

"Yaya, acha kwanza kichwa ya huyu maman. Kuya uone." Kwetu yaya ni dada mkubwa.

Maman mwenye kichwa alisema kichwa chake hakiachwi na mtu, kwa hiyo boksi likafunguliwa pale pale, kati ya vitana na mafuta ya nywele. Ndani mlikuwa na kitu cha mviringo, cha rangi ya fedha, cha kuenea viganja viwili. Katikati kilikuwa na mapanga madogo ya plastiki kama ya feni, na nyuma kimetoa nyaya mbili, nyekundu na nyeusi.

"Nini hii?"

"Turbo. Turbo ya umeme. Unaiweka ku bomba kwenye motere inavuta hewa. Inasukuma hewa na nguvu, motere inapata pumzi. Huku kwetu juu hewa iko kidogo, ndiyo maana magari inachoka ku milima. Hii inairudishia."

"Inairudishia kiasi gani?"

"Muuzaji anasema nguvu inaongezeka karibu nusu."

"Na weye ulimuongezea muuzaji kiasi gani?"

Akataja bei. Sitaiandika hapa, kwa heshima yake. Nilimwomba airudie, na si kwamba sikusikia. Nina desturi ya kutaka bei isemwe mara mbili, kwa sababu mara ya pili msemaji huona aibu kidogo. Mdogo wangu hakuona aibu yoyote. Macho yake yalikuwa yanang'aa kuliko kile kitu.

Alikuwa shoferi wa teksi, na gari lilikuwa lake mwenyewe, lile la usukani wa kulia, limezeeka kabla halijavuka mpaka kuingia kwetu. Zilibaki wiki mbili aende kwa wakwe kutoa mali, yaani mahari. Wakwe wako Nyangezi, na si Nyangezi ya sokoni. Unaacha barabara kubwa, unashika njia ya udongo mwekundu inayopanda mlimani, upande mmoja ukuta wa ardhi na upande wa pili bonde, mpaka juu kabisa kwenye nyumba ya mabati mekundu.

Baba yetu hayupo tena. Wakwe walikuwa wametuma neno la wazi: mjomba wetu anaweza kuja kuongea na shangazi anaweza kuja kuimba, lakini binti ataombwa na mama wa kijana kwa kinywa chake, akiwa amekaa ndani ya nyumba yao. Baba wa binti alikuwa ameona familia zinazoleta wazee wa kukodi, wanakula, wanaahidi, na ng'ombe wa mwisho asipofika hakuna hata mmoja anayejulikana anakoishi. Kwa hiyo mama yetu asipofika, hakuna ndoa. Hilo halikuwa na punguzo.

Na mama yetu alikuwa ameanguka uani, nyonga ikavunjika, na ilipopona ilipona kwa namna yake. Anatoka kitandani mpaka mlangoni akishika ukuta. Kwenye gari anaingizwa na watu wawili. Pikipiki hawezi. Kule milimani wagonjwa hubebwa kwa kipoyi, kiti kinachofungwa kwenye miti miwili na kuwekwa mabegani mwa vijana. Nilimtajia mara moja tu.

"Mutu wa kubebwa na kipoyi iko maiti, ao muzungu wa zamani," akaniambia. "Miye sijafika ku moja, na ku ingine sitafika."

Basi nilikuwa nimeshatafuta njia yangu. Jirani yetu ana jeep ya kuvuta magurudumu yote manne, anayobebea mizigo ya masoko ya Mudaka na Miti. Nilibishana naye jioni nzima mpaka akakubali kutupa gari kwa Jumamosi ile, mafuta juu yetu, na mimi nimsuke mke wake bure hadi Pasaka. Mke wake ana nywele nyingi, lakini nilikuwa nimeshaziangalia kabla ya kukubali.

Sasa mdogo wangu amekuja na turbo.

"Mwanaume anaenda kwa wakwe na gari ya jirani?" akasema. "Batasema nini? Nimeshabaambia gari yangu iko na turbo."

"Umeshabaambia?"

"Juzi."

Mimi si fundi wa magari. Lakini saluni yangu ina mashine mbili za kukaushia nywele na gurupu moja la mafuta kwa siku ambazo umeme wa mji umelala, na nimejifunza kwa hasara kwamba upepo si bure. Nikiwasha mashine ya kwanza, gurupu linabadili sauti. Nikiwasha ya pili, linakohoa na taa zinafifia. Na upepo wote huo ni wa kukausha kichwa kimoja kimoja. Waya wa mashine ya nywele ni mnene kama kidole cha mtoto. Nyaya za turbo zilikuwa nyembamba kama za redio. Nikamuuliza kitu chenye waya wa redio kitasukumaje gari lenye watu watano.

"Yaya, haiko kusukuma gari. Iko kusukuma hewa."

"Na umeme inakula inatoka wapi?"

"Ku batri."

"Batri inalishwa na nani?"

"Na motere."

"Kwa hiyo motere inalisha feni, ili feni ilishe motere."

"Weye unahesabu kila kitu kama tomate," akasema, na maman mwenye kichwa akacheka mpaka nikapoteza mstari wa msuko.

Akagusisha nyaya kwenye batri ya taa zangu za sola. Kitu kikalia. Kilirusha kitambaa changu cha kichwa hadi kwenye kioo, na mdogo wangu akaniangalia kama wakili aliyemaliza kusema. Mimi nikaweka kiganja changu juu ya mdomo wake wa kutolea upepo na kuuziba. Sauti ikabadilika, ikawa ya kulalamika. Kiganja hakikusogea. Kilichokuwa kinasukuma hakikutosha kunyanyua mkono wa mwanamke aliyesimama tangu asubuhi.

"Mukono haiko motere," akasema akikusanya nyaya zake. "Tutapima ku mulima."

Tulipima siku mbili baadaye, Kadutu, kwenye mteremko wa kwetu. Alikuwa ameshaifunga turbo kati ya chujio la hewa na injini. Alipokuwa akiifunga alikuta chujio la zamani limekuwa jeusi kama sakafu ya mbabula, jiko letu la makaa, akalitupa, akaweka jipya. Aliniambia hivyo kwa kupita tu, akiwa na haraka ya kunionyesha swichi aliyoiweka chini ya usukani.

Nilikaa mbele. Nyuma alikuwa amechukua abiria kama kawaida, papa mmoja mwenye mfuko wa saruji magotini na maman wawili wa soko. Tukafika kwenye bomba la maji, mahali ambapo mteremko unaanza. Akabonyeza swichi. Sauti ikaanza mbele yetu, kama nyuki ndani ya kopo. Milango ya nyuma ikafunguka na kufungwa. Mimi nilikuwa nimekodolea macho barabara, nimetega sikio. Akakanyaga mafuta, na gari likapanda. Halikukohoa. Halikusita pale kwenye kona ya fundi cherehani, wala pale penye mfereji. Tulifika juu kanisani na mkono wangu ulikuwa umeshika mlango bure.

Pale juu akasimama, milango ya nyuma ikafunguka tena, watu wakaingia wakihema, na yule papa wa saruji akasema, "Leo imepanda muzuri, shoferi."

Mdogo wangu akazima swichi kwa kidole kimoja, taratibu.

Jioni ile habari ilienea kwenye familia yetu kwa njia ya simu, na kila aliyepiga alikuwa amejua zaidi ya aliyempigia. Mjomba alisema sayansi imeendelea. Shangazi alisema mimi tangu utoto sikubali kitu mpaka nikiume kwa meno. Mama aliuliza swali moja tu: "Weye ulikuwa mu gari?" Nikasema nilikuwemo. "Ilipanda?" Nikasema ilipanda. Na kweli ilipanda. Jeep tukamwachia jirani, naye akachukua mzigo wa mtu kwa Jumamosi ile.

Siku yenyewe tulitoka asubuhi, anga safi. Jamaa wengine walitangulia na basi dogo, wangeacha barabara kubwa na kupanda kwa miguu. Kwenye gari letu alikuwa mdogo wangu kwenye usukani, na suti yake. Mama mbele, amefungwa kitenge kipya, rozari mkononi. Nyuma tulikuwa mimi, mjomba na shangazi, dada wa marehemu baba, mwanamke mwenye mwili na asiyeuombea radhi. Kwenye buti kulikuwa na vitenge vya mama wa binti na dumu kubwa la kasiksi, pombe yetu ya ndizi, lililokuwa linavimba kwa joto, na kila tuliposimama mjomba alikuwa anashuka kulifungua kidogo lipumue.

Tulipopita mtaa wa Panzi na kuuacha mji, mawingu yalianza kukusanyika upande wa milima. Mvua ikinyesha kwenye udongo ule hakuna gari linalopanda, hata la jirani. Nilihesabu muda uliobaki wa njia, nikauhesabu tena. Hesabu zote mbili hazikunipendeza.

Tulifika chini ya mlima wa wakwe na bado kulikuwa kukavu. Mdogo wangu akapunguza mwendo mahali njia inapojipinda na kuanza kupanda. Akabonyeza swichi. Nyuki wakaanza koponi.

Na shangazi, bila kuangalia mtu, huku akiendelea kutuambia habari za harusi moja, akafungua mlango na kutoa mguu nje.

"Shangazi, unaenda wapi?" mdogo wangu akauliza.

"Si tumefika ku mulima?"

"Kaa. Turbo iko."

Shangazi akarudisha mguu, akacheka. "Ni mazoea. Kwetu Kadutu mulima ikifika, miguu yangu inashuka yenyewe."

Mimi nilibaki nimeutazama ule mlango. Nikaisikia tena ile milango ya nyuma pale kwenye bomba, ikifunguka na kufungwa. Papa wa saruji. Maman wawili wa soko. Walishuka, wote, kama tunavyoshuka sote pale bila kuambiwa, tangu magari yaanze kuchoka. Walipanda kwa miguu, wakatukuta juu wakihema. Hakuna aliyeona jambo geni, mimi wa kwanza. Mimi mwenyewe siku zote hushuka pale. Sikuwa nimewahi kubaki ndani nikajua gari tupu linavyoupanda ule mteremko. Mimi ninayehesabu chenji mara mbili sikuhesabu vichwa. Na lile chujio jipya nalo nilikuwa nimelisikia likipita sikioni nikaliacha lipite.

"Simama," nikasema.

"Yaya, sasa siwezi kusimama. Nikisimama nitapoteza nguvu."

"Kadutu batu balishuka."

"Nini?"

"Batu balishuka ku bomba. Tulipanda bila batu."

Aliniangalia kwenye kioo. Nadhani alielewa. Lakini gari lilikuwa limeshaingia mlimani, gia ya kwanza, na mbele yetu njia ilikuwa nyembamba kiasi kwamba hakuna pa kugeuzia hata wazo.

Mwanzo lilipanda. Mjomba alianza kusema kitu cha kusifu, akakiacha njiani. Tulipofika kwenye kona, upande wa kushoto bonde likajifungua, na chini kabisa niliona watu wakilima, wadogo kama mbegu. Mdogo wangu akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Sauti ya feni ikapanda. Sauti ya injini ikashuka. Ikashuka tena. Gari likaanza kutetemeka, likasimama, injini ikazima, na kwa muda mfupi feni peke yake ilikuwa inalia mbele yetu, imetuacha.

Kisha tukaanza kurudi nyuma.

Breki ya mkono ya gari lile ni ya mapambo. Alikanyaga breki ya mguu, gari likashika, likateleza kidogo, likashika tena. Chini ya kiti changu kulikuwa na kipande cha mti tunachokiita kale, ambacho kila gari la kwetu hutembea nacho kwa ajili ya saa kama hiyo. Nikakivuta, nikafungua mlango wa upande wa ukuta, nikashuka na viatu vyangu vya harusi, nikakisukuma nyuma ya gurudumu. Nikapiga na kisigino.

"Achilia pole pole," nikasema.

Gari likakaa juu ya mti. Mti ukalia. Ukashika.

Mjomba na shangazi walishuka wakiegemea ukuta wa ardhi. Mama hakuweza kushuka. Mlango wake ulikuwa upande wa bonde, na nyonga yake haimsikilizi mtu hata kwenye sakafu ya saruji. Alikuwa anatazama mbele, juu ya mlima, rozari imesimama kati ya vidole.

"Nijaribu tena toka hapa," mdogo wangu akasema. "Sasa iko nyepesi."

"Rudisha chini," mama akasema.

"Maman, hapa ni..."

"Nimesema rudisha chini."

Tulirudi kinyumenyume. Mimi nilitembea nyuma ya gurudumu na ule mti mkononi, nauweka, nautoa, nauweka, huku nikimwambia kushoto, kulia, ngoja. Kila nilipouinua nilikuwa nimeshika uhai wa watu wawili kwa kipande cha kuni. Mama alikuwa anashuka mlima uso wake ukiwa umeelekea juu kwa wakwe, kama mtu anayeaga. Tulipofika chini, ndipo nilipohesabu tulichokaribia kupoteza, kwa kuchelewa, kama mteja anayekumbuka baada ya kulipa kwamba hakubishana bei.

Juu, mbele ya nyumba ya mabati mekundu, watu walikuwa wamesimama wakitutazama. Tukaona vijana wanne wakianza kuteremka. Mabegani walikuwa na miti miwili, na kwenye miti kiti.

Mama akawaona. "Bakinileta ile kiti," akasema, "nitalala humu mu gari, na binti atabaki kwao."

Mjomba akaongeza la kwake, lile la meza ya mazungumzo. "Na bakimubeba mama ya kijana kabla hatujaongea, tutaanza mazungumzo tukiwa chini. Kila kitu tukikataa, batatukumbusha mabega."

Hapo alisema kweli. Mimi pia nilikuwa nimeshaliwaza.

Mdogo wangu alikuwa amefungua kapo, kifuniko cha mbele cha gari, amesimama juu ya injini. Suti yake ilikuwa na udongo magotini, na sikujua ameupata wapi, kwa sababu kule mlimani hakuwa ameshuka. Nikasimama karibu naye.

"Itoe," nikasema.

"Nikiitoa itakuwa mubaya zaidi. Hata kama ni kidogo, inasaidia. Kidogo ni kidogo."

"Basi tuione. Toa waya yake. Umeme usifike."

Alinitazama kwa hasira, lakini akafanya hivyo. Akachomoa waya mwekundu. Akafungua bomba upande wa chujio ili mapanga yaonekane. Akaniomba niingie kwenye usukani, niwashe, nikanyage mafuta akisema.

Nikawasha. Injini ikanguruma taratibu. "Ndiyo," akasema. Nikakanyaga.

Sikuona alichokiona, kapo ilikuwa mbele yangu. Niliona kichwa chake tu kikiinama. "Tena," akasema. Nikakanyaga zaidi. Akainua mkono nisimame. Alipozunguka hadi dirishani alikuwa na uso wa mtu aliyesomewa matokeo.

"Inazunguka," akasema. "Bila umeme. Motere ndiyo inaizungusha. Nikiongeza mafuta, inazunguka mbio kuliko na batri."

"Kwa hiyo nani anamuvuta mwenzake?"

Alirudi kwenye kapo na bisibisi. Injini ikipumzika, ile feni labda inapuliza. Lakini ukikanyaga mafuta mlimani, saa ile unayoihitaji, injini inataka hewa nyingi kuliko feni ya waya wa redio inavyoweza kutoa, na feni inabaki imesimama kooni mwake kama mtu aliyekaa mlangoni akisema anasaidia watu kupita.

Akaitoa. Akanipa mimi nishike, kwa sababu hakukuwa na pa kuiweka. Bomba lililobaki lilikuwa fupi, akaliunganisha na ukanda wa mpira wa baiskeli aliokuwa nao kwenye buti, akaukaza kwa meno. Matone ya kwanza yalianza kuanguka, makubwa, ya mbali mbali.

Vijana wa kipoyi walikuwa wamefika. Walikuwa na adabu. Mmoja akamtazama mama yetu, akasema, "Shikamoo ba maman. Tumetumwa kumubeba koko."

"Muturudishie salamu," mjomba akawaambia. "Koko anakuya na gari."

Wakaangalia gari. Wakaangalia mlima. "Basi tuisukume."

"Bado hatujaongea," mjomba akasema. "Mukisukuma leo, kesho mutasema nusu ya gari iko yenu."

Wakacheka, lakini hawakuondoka. Walisogea pembeni na kiti chao, wakangoja. Sijawahi kuona kiti kilichongoja kwa uvumilivu vile.

Tulitoa kila kitu. Dumu la kasiksi alilibeba mjomba kichwani, akiomba lisipasuke. Vitenge alibeba shangazi. Garini akabaki mama na mdogo wangu tu, na mimi nyuma kwa miguu, mti mkono huu, turbo mkono ule.

Likapanda. Hadi kwenye kona likapanda kwa sauti moja, nzito, bila nyuki. Kwenye kona udongo ulikuwa umeanza kulowa. Gurudumu la nyuma likateleza, likazunguka bure, likanirushia matope hadi kwenye meno. Gari likasimama. Niliutupa mti chini ya gurudumu kabla sijafikiri, na nadhani nilipiga kelele jina la Bikira. Likakaa. Injini haikuzima.

"Uko sawa?" nikauliza.

"Maman anasema usisimame upande wa bonde," akajibu.

Nikahama upande. Alingoja. Nilisikia akiuachilia mguu mmoja na kuukanyaga mwingine, pole pole, kama mtu anayetoka chumbani mtoto amelala. Gari likasogea upana wa kiganja. Kisha mkono. Kisha likashika pakavu penye mawe, likaenda, na mimi nikaokota mti nikakimbia nyuma yake nikikohoa moshi. Halikusimama tena mpaka uani kwa wakwe.

Sitasema kwamba ni kuitoa turbo kulikolipandisha gari. Hiyo ingekuwa hesabu ile ile ya Kadutu. Tulikuwa tumetoa pia mjomba, dumu, mimi, na shangazi, ambaye peke yake ni swali. Baadaye, harusi ilipokwisha, tulilipima lile gari kwa haki, mteremko ule ule na watu wale wale waliokatazwa kushuka, na turbo na bila turbo. Bila turbo lilipanda vizuri zaidi kidogo. Kidogo tu. Lakini na turbo halikupanda vizuri hata siku moja, na mdogo wangu aliacha kuleta jambo hilo nilipokuwa na wateja.

Siku ile mama alikataa kushuka garini mpaka sisi wote wa miguu tufike. Alikaa na mvua inamgongea kioo, akawangoja mjomba na shangazi waonekane kwenye kona, ndipo akafungua mlango. Tulimshika mimi na shangazi. Vijana wa kipoyi walipita na kiti chao kitupu, bila kutuangalia, na hiyo ilikuwa heshima yao.

Baba mdogo wa binti, ambaye ndiye aliyewekwa kuongea kwa upande wao, alikuwa mlangoni. Aliniona na kile kitu cha rangi ya fedha mkononi kati ya vitenge na dumu.

"Na hii ni ya mali?" akauliza.

Nakiri akili yangu ilitembea haraka. Kitu kinang'aa, kina sanduku lake nyumbani, na mazungumzo yalikuwa hayajaanza. Ningeweza kukibadilisha na mbuzi mmoja, pengine na jogoo juu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Hapana, papa," mdogo wangu akasema nyuma yangu, udongo bado magotini. "Ndiyo ile turbo nilibaambia. Haifanye kazi. Iko kupiga kelele tu."

Baba mdogo akamtazama, akalitazama gari lililokuwa likitoa mvuke uani. "Na mulipandaje?"

"Batu balishuka."

Yule mzee akaitika kwa kichwa, akatufungulia mlango. Ukweli ule haukutupatia punguzo lolote. Kwa kuchelewa tuliongezewa mbuzi, na nilibishana juu ya huyo mbuzi mpaka jioni bila kufika popote.

Lakini kabla ya hayo mama aliwekwa kwenye kiti chenye mto, katikati ya chumba. Mvua ilikuwa imeshuka yote juu ya mabati, na hakuna aliyeweza kusikia mtu. Mama hakupandisha sauti. Alianza kuomba binti kwa Mashi, lugha yetu ya nyumbani, taratibu, sauti ile ile anayotumia kuniambia chumvi imezidi. Baba wa binti akainua kiti chake akakisogeza. Kisha baba mdogo. Kisha mama wa binti na dada zake, viti vikikwaruza sakafu, mpaka watu wote wa nyumba ile walikuwa wamemzunguka, wameinama, vichwa karibu na magoti yake, wakimsikiliza.